Deni la Asante





Kwa kawaida vijitabu vya Haki na Amani huzungumzia mambo yaitwayo makubwa: ardhi, kodi, uchaguzi, mirathi ya wajane. Safari hii tumechagua jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo mno. Tunataka kusema juu ya asante: nani huambiwa, nani haambiwi, na kwa nini. Mtatuuliza, je, adabu nayo imekuwa kazi ya Haki na Amani? Tunaomba mtusikilize hadi mwisho ndipo mtuhukumu.

1. TULIYOYAONA

Miaka michache iliyopita baadhi yetu tulikuwa katika kamati iliyoandaa jubilei ya parokia moja huku kwetu mlimani. Akina mama walianza kumenya ndizi jioni ya kuamkia sikukuu, wakakesha mekoni. Vijana walibeba maji na mabenchi. Wazee wawili walichinja na kugawa nyama. Mbege ilipikwa siku kadhaa kabla, nayo haipikwi kwa kuiamuru tu. Inataka mikono na subira.

Sherehe ilifana. Ilipofika zamu ya neno la shukrani, msemaji alisoma orodha ndefu. Walishukuriwa wageni rasmi kwa vyeo vyao. Walishukuriwa wafadhili, kila mmoja kwa kiasi alichotoa, na makofi yalipanda na kushuka kulingana na kiasi hicho. Mwishowe msemaji alikunja karatasi akasema: tunawashukuru pia na wengine wote ambao hatukuwataja kwa majina.

Mmoja wetu alikuwa amekwenda nyuma ya ukumbi kutafuta maji ya kunawa. Huko alimkuta mama mmoja ameinamia sufuria kubwa, anasugua masizi. Kipaza sauti kilikuwa kinasikika vizuri. Mama yule aliinua macho akasema kwa upole, bila hasira yoyote: "Kumbe sisi ndio wengine wote."

Ndugu zetu, orodha ile hatukuletewa kutoka mbali. Tuliiandika sisi. Tulikaa usiku mzima tukihofu kumsahau mgeni mmoja mwenye cheo, wala hakuna aliyehofu kumsahau mama wa jikoni. Tunalieleza jambo hili kwa sababu si haki kuwanyoshea wengine kidole kabla ya kuungama la kwetu.

2. MAJINA YALIYO MLIMANI

Tuinue macho tuutazame mlima wetu. Kila mtoto wa shule anajua kwamba tarehe 6 Oktoba 1889 Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo. Meyer alikipa kilele hicho jina la mfalme wake wa Ujerumani. Jina hilo liliondoka tulipopata uhuru. Tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha mwenge na bendera huko juu, na tangu hapo tunasema Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari.

Hata hivyo, ukiitazama ramani ya mlima utasoma bado majina ya Gillman, Stella, Reusch, Hans Meyer na Purtscheller. Hatusemi kwamba watu hao hawakustahili kukumbukwa. Tunauliza tu: mizigo yao ilipandaje? Meyer hakupanda Marangu akiwa amebeba hema, unga na kuni kichwani. Alipokelewa na Mangi Marealle, akapewa watu wa kumwonyesha njia. Kambini, katika baridi kali, alibaki Mwini Amani, mtu wa Pangani, akiangalia mahema na kuwangojea wenzake washuke. Wazee wa Marangu humtaja Mzee Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaongoza wageni wale. Jina lake lilikuja kuvuma hasa mwaka 1989, ilipoadhimishwa miaka 100 ya safari ile. Kama asante inaweza kuchukua miaka 100 kumfikia mtu, basi wapo wengi ambao iliwakuta kaburini.

Wahenga walisema: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Sisi tunaweza kusema: usisahau upagazi kwa sababu ya kilele.

Leo vijana wetu wa Moshi, Marangu, Kibosho na Machame bado wanabeba. Wenyewe hujiita "wagumu". Kilo 20 ndizo zilizowekwa kuwa kikomo cha mzigo wa mpagazi, na mizani huwekwa langoni. Mgeni hupanda na kibegi kidogo mgongoni. Mgumu hupanda na hema, gesi, mayai na viti vya kukunja, tena humtangulia mgeni ili akifika akute chai tayari. Wapo waliopanda na viatu vilivyotoboka na koti la kuazima. Tangu mwaka 2003 upo hapa Moshi mradi wa kuwasaidia wapagazi ambao, pamoja na mambo mengine, huwaazima nguo za baridi bila malipo. Ni jambo jema. Lakini linatuuliza swali: ilikuwaje mtu akapelekwa kwenye theluji na sisi tukaona ni kawaida, hata ikabidi nguo zitafutwe kwa hisani?

Tukumbuke kwamba wengi wa wanaowaajiri wapagazi hawa si wageni. Ni sisi wenyewe: kaka zao, wajomba zao, waamini wenzao wanaopokea Komunyo katika foleni moja nao. Safari ikiisha, mgeni husimama langoni akatoa bakshishi na kusema asante. Bakshishi hiyo hupita mikono mingapi kabla ya kumfikia aliyebeba? Ikiwa inapungua kila inapopita, basi asante ya mgeni imeibwa njiani, na mwizi ni ndugu.

3. MAJINA YALIYO NYUMBANI

Sasa tushuke kutoka mlimani tuingie majumbani. Kila mwaka inapokaribia Noeli, barabara ya kutoka Dar es Salaam hujaa magari ya watu wetu wanaorudi nyumbani. Ni desturi nzuri, nayo hutuweka pamoja. Mabasi hufurika, Himo hapapitiki, na kila kihamba huamka. Mbuzi huchinjwa, watoto huonyeshwa makaburi ya mababu, na wazazi hukabidhiwa blanketi na sukari.

Lakini nani alikaa na wazazi hao kuanzia Januari hadi Novemba? Nani alimwamsha bibi usiku ampe dawa, akamwogesha, akamkatia ng'ombe majani mgombani? Aghalabu ni binti aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, ambaye jina lake halisi hatulijui. Tunamwita "dada", nalo ni neno zuri. Mtaani huitwa "beki tatu", nalo si neno zuri. Siku ya Noeli wote huvaa nguo mpya na kupiga picha mbele ya nyumba, naye huambiwa ashike simu apige picha. Yeye hamo.

Tunasema kwa masikitiko kwamba zipo nyumba zenye picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu ukutani ambamo binti huyu hula baada ya wote, hulala jikoni, na Jumapili huachwa alinde nyumba wakati familia inakwenda Misa. Mshahara wake huwekwa "atunziwe", na anapouomba huonekana mkorofi.

Sheria ya nchi yetu haikumsahau. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya umri wa miaka 14. Inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 kila wiki, na likizo ya siku 28 zenye malipo katika kila mzunguko wa mwaka. Kazi ya nyumbani nayo ni ajira. Ni vema kila kiongozi wa jumuiya alijue hilo, maana wengi hudhani sheria huishia kwenye lango la kiwanda.

4. VISINGIZIO VIWILI

Tunapozungumza mambo haya jumuiyani, husikika visingizio viwili.

Cha kwanza husema: "Analipwa, ya nini kumshukuru?" Anayesema hivi anaamini kwamba fedha hununua mtu mzima. Sivyo. Mshahara hulipa saa na nguvu. Haulipi upole wa muuguzi anayemgeuza mgonjwa taratibu asiumie. Haulipi uangalifu wa dereva aliyepunguza mwendo kwenye kona ya mteremko. Haulipi uaminifu wa konda aliyekukimbilia na mfuko uliousahau kitini. Mtu angeweza kuifanya kazi yake vibaya, akapata mshahara ule ule. Akiifanya vizuri, ametupa kitu ambacho hakimo katika mkataba. Kitu hicho hulipwa kwa kutambuliwa. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake juu ya kazi ya binadamu ya mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi hutokana kwanza na anayeifanya, kwa kuwa yeye ni nafsi. Kama ni hivyo, anayepokea kazi bila kumwona mtendaji amepokea nusu tu, tena nusu iliyo ndogo.

Kisingizio cha pili ni kinyume chake: "Asante haijazi tumbo." Hapa tunakubali, tena kwa nguvu zote. Yapo maneno matamu yanayotumika kama kitambaa cha kufunikia jungu tupu. Yupo mwajiri anayemsifia mlinzi wake mbele ya wageni, na mlinzi hajalipwa miezi miwili. Yupo mnunuzi wa ndizi pale Kiboriloni anayemwita muuzaji "mama yangu" huku akimkandamiza bei hadi nauli ya kurudi mlimani impotee. Yapo maparokia yanayomwita katekista "nguzo ya Kanisa", na nguzo hiyo inatembea kilomita nyingi kwa miguu, mvua ikinyesha, bila hata koti. Maneno ya namna hii Mtume Yakobo aliyajua. Alimkemea anayemwambia maskini aende akashibe, asimpe chochote. Akaonya pia kwamba ujira uliozuiliwa wa vibarua hulia, na kilio chake humfikia Mungu. Torati ilitaka kibarua alipwe kabla ya jua kuchwa. Papa Leo wa Kumi na Tatu, mwaka 1891, aliweka ujira wa haki miongoni mwa wajibu wa kwanza wa mwajiri.

Basi msimamo wetu ni huu. Asante haichukui nafasi ya haki, wala haki haichukui nafasi ya asante. Anayelipa bila kushukuru anamfanya mtu chombo. Anayeshukuru bila kulipa anamfanya mtu mjinga. Utu wa binadamu unadai vyote viwili.

5. TULICHORITHI

Wala tusidhani kwamba fundisho hili ni geni kwetu. Wazee wetu hawakupita njiani bila kusalimiana, hata kama mtu amebeba mzigo na mvua inakuja. Neno "haika" lilisikika kuanzia Rombo hadi Siha, kila mahali kwa lafudhi yake, nalo halikuwa la wakubwa peke yao. Mbuzi alipochinjwa, kila kipande kilikuwa na mwenyewe: babu, bibi, mkwe, na yule aliyeshika kisu. Nyama ilikuwa lugha ya kumwambia mtu, "tunakuona, na nafasi yako tunaijua". Maji ya mfongo yaliyofika mgombani mwako yalikukumbusha wale waliochimba na wale watakaoamka alfajiri kwenda kuuzibua. Ilipokuwa siku ya kazi ya mfongo na mtu asitokee, alijua mwenyewe kwamba amekunywa jasho la wenzake bure.

Tulirithi pia jani la isale. Aliyemkosea mwenzake alilitwaa akampelekea kuomba msamaha, na ilikuwa vigumu kwa mwungwana kulikataa. Tunalitaja hapa kwa makusudi. Pengine wapo watu ambao asante yetu kwao imechelewa kiasi kwamba haiwezi tena kwenda peke yake; itabidi iongozane na isale.

Wenye umri mkubwa watakumbuka pia miaka ambapo waziri na mfagiaji wote waliitwa "Ndugu". Hatusemi kwamba wakati ule hapakuwa na dhuluma. Lakini neno lile lilimpa kila mtu mahali pa kusimama. Leo tumerudi kwenye "mheshimiwa" kwa wachache na "wewe" kwa waliobaki. Mtu mzima mwenye wajukuu anaitwa "oya" na kijana aliye ndani ya gari. Huko nako ni kupokonywa, ingawa hakuna hati ya polisi inayoweza kuandikwa.

6. MEZA YA BWANA

Injili ya Luka inatusimulia habari za wakoma kumi waliotakaswa. Mmoja tu ndiye aliyerudi kushukuru, naye alikuwa Msamaria, mtu wa kudharauliwa. Bwana aliwaulizia wale tisa. Tuangalie vizuri: hakuwanyang'anya afya yao. Walibaki wazima. Lakini walikosa kitu, maana waliichukua zawadi wakaondoka bila kumtazama usoni aliyeitoa. Sisi tulio wengi tumo katika tisa hao. Tumekula, tumepona, tumefika salama, watoto wetu wamefundishwa kusoma. Na tumekwenda zetu.

Misa yenyewe, kiini cha maisha yetu ya Kikristo, huitwa Ekaristi, neno la Kigiriki lenye maana ya shukrani. Tena katika sala ya kutolea vipaji tunautaja mkate kuwa tunda la ardhi na la kazi ya mikono ya wanadamu. Mikono hiyo ni ya nani? Ni ya mkulima, msagishaji, mbeba magunia, sista aliyeoka hostia, na yule mzee anayefungua kanisa saa kumi na moja alfajiri na kupangusa mabenchi tunayoyakalia bila kujiuliza mavumbi ya jana yalikwenda wapi. Hatuwezi kumshukuru Mungu kwa kazi ya mikono, kisha tukatoka nje na kupita kati ya mikono hiyo kana kwamba ni nguzo za umeme. Papa Fransisko alizikumbusha familia mara nyingi maneno matatu: naomba, asante, samahani. Alijua kwamba nyumba inayoyapoteza maneno hayo huanza kutoa amri na kupiga kelele. Na taifa ni nyumba.

7. TUFANYE NINI?

Hatutaki kijitabu hiki kiishie kwenye sifa. Tunapendekeza yafuatayo:

(a) Jina. Kila mmoja wetu ajifunze majina matatu ya watu wanaomhudumia ambao hakuwa anawajua: mlinzi, mama lishe, mfagiaji wa soko, kijana wa bodaboda. Mtu hashukuriwi kwa jumla.

(b) Orodha. Katika kila sherehe ya parokia, kigango au jumuiya, neno la shukrani lianzie jikoni. Waliopika na waliobeba maji watajwe kwa majina, nao waketishwe na kula pamoja na wengine. Tusome viasi vya michango katika taarifa ya fedha, mahali pake panapostahili.

(c) Ujira. Kabla ya Noeli, kila familia yenye mfanyakazi wa nyumbani ihakikishe kwamba hakuna mshahara wake unaodaiwa, kwamba amepewa siku ya kupumzika na nafasi ya kusali, na kwamba anakwenda likizo kwao. Mwenye deni alilipe kwanza, ndipo anunue zawadi.

(d) Mlima. Waamini wenye kampuni za utalii, waongozaji na wapishi wa safari wakutane parokiani mwao, waulizane juu ya mizigo, mavazi, chakula na mgawanyo wa bakshishi, mpagazi mwenyewe akiwapo na akisikilizwa.

(e) Katekista na mtunza kanisa. Halmashauri ya Walei ipange jambo hili katika bajeti, si katika hotuba.

8. MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

Ni nani katika mtaa au kijiji chetu ambaye kazi yake tungeitambua siku tu atakapoacha kuifanya? Je, yupo mtu tunayemwita kwa jina la kazi yake kwa sababu hatujawahi kumwuliza jina lake? Je, yupo tunayemsifu kwa maneno huku tukimdhulumu kwa malipo? Yupo ambaye tunapaswa kumpelekea isale kabla ya asante?

Tunamalizia pale tulipoanzia. Baada ya jubilei ile tulikaa kufanya tathmini. Tulihesabu fedha, sahani zilizopotea na kreti zilizorudishwa. Ndipo mmoja wetu akalitaja neno la yule mama. Kikao kilinyamaza. Jumapili iliyofuata tulikwenda nyumbani kwake, watu wanne, bila kamera na bila risala. Tulimwomba radhi, tukamshukuru. Alituandalia chai. Kisha alituuliza kama tumefika pia kwa wenzake saba waliokesha naye, akawataja mmoja mmoja kwa majina.

Hatukuwa tumefika. Tuliondoka tukaanza kuzunguka. Deni lile tulilimaliza wiki iliyofuata.

Kristo, aliyewaosha miguu wale waliopaswa kumwosha yeye, atufundishe kuonana. Amani iwe nanyi nyote.